Telefone ya koperative iwe mlango wa wote



Miaka hii telefone imeingia mpaka shambani. Bei ya mahindi ya Lubumbashi inaweza kufika kwa mesaje. Malipo ya mavuno yanapita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Habari za mvua, za mbolea na za wadudu zinaletwa kwa namba za kubonyeza, kwa sauti, kwa video. Siku moja mtu anafika kwenye koperative na programu mpya mkononi, anasema: "Hii itawasaidia." Na inaweza kusaidia kweli. Lakini tunawaomba mumuulize kwanza: itamsaidia nani?

Koperative haina watu wa namna moja. Kuna kijana mwenye smartphone. Kuna mama aliyeacha masomo mapema, anajua namba lakini barua hazimwambii kitu. Kuna mzee ambaye macho yake yamechoka. Kuna asiyesikia, kuna aliyepoteza vidole, kuna asiyeona kabisa. Kuna anayesema Kibemba, Kisanga, Kilamba ao Kilala vizuri kuliko Kiswahili, na Kifaransa hakijui. Kuna asiye na telefone. Wote hao walilipa fungu lao, na kwenye mkutano mkuu kila mmoja ana sauti moja. Teknolojia ikifaa nusu yao tu, nusu nyingine inabaki wanachama wa jina.

Katika makala hii tunaeleza ugumu unatoka wapi, kila njia ya telefone inamwacha nani nje, na namna ya kujaribu chombo kabla komite haijatia saini.

Ugumu unatoka wapi

Tuchukue mfano wa malipo. Mama ameleta mahindi kwenye depo, koperative imeuza, franga zinatumwa kwa telefone. Mesaje inaingia kwa Kifaransa. Mama hasomi Kifaransa. Anampa telefone mtoto wa jirani ao mtu wa kabini: "Mwanangu, hii telefone inasema nini?" Mtoto anasoma. Kisha mama anataka kutoa franga, na telefone inaomba kode ya siri. Mama anaitaja kwa mdomo, mtoto anabonyeza. Tangu siku ile mfuko wa mama una funguo mbili, na moja haiko mkononi mwake.

Hapa kwetu Kongo kuna mtego mwingine. Kwenye telefone moja mtu anaweza kuwa na mifuko miwili, mmoja wa dolari, mmoja wa franga, na menu inataka uchague mmoja. Asiyesoma akichagua mfuko mwingine, anaambiwa hakuna kitu. Anarudi kwenye koperative na hasira: "Franga yangu iko wapi?" Sekretere anajibu alishalipa. Wote wawili wanasema kweli, lakini uaminifu umeshavunjika. Koperative inaweza kufa kwa ugomvi wa namna hii, bila mtu kuiba hata franga moja.

Watu wengi wanasema tatizo ni mama, hakusoma. Sisi tunaona vingine. Mama anajua kulima, anajua kupima mahindi kwa meka, anajua nani ana deni lake tangu mwaka jana. Tatizo ni la yule aliyepanga chombo akidhani kila mtu anasoma, anaona vizuri na anajua Kifaransa. Ugumu unazaliwa pale ambapo chombo kinakutana na mtu ambaye hakufikiriwa.

Angalieni mlango wa depo. Ukiwa na ngazi tatu, mtu wa kiti cha magurudumu hapiti. Mkijenga mteremko kidogo wa udongo na simenti, atapita. Lakini si yeye peke yake atakayepita: mwenye kusukuma kinga yenye mifuko miwili naye atapita bila kushusha mzigo, na mama mwenye mimba, na mzee mwenye fimbo. Telefone iko vilevile. Ukiipanga kwa ajili ya yule aliye mbali zaidi, wote wanapata nafuu. Mesaje fupi yenye maneno rahisi inamsaidia asiyesoma vizuri, na pia inamsaidia mwalimu aliye juu ya pikipiki, juani, na betri inaisha.

Kila njia inamwacha mtu nje

Hakuna njia moja inayofaa wote. Kwa hiyo ni lazima kujua kila njia inafungua mlango kwa nani, na inamfungia nani.

Menu ya namba, ile ya kubonyeza nyota na namba kisha diyezi, inafanya kazi kwenye telefone yoyote, hata ile ndogo yenye taa kichwani, na haiombi mega. Ndiyo sababu malipo ya telefone yalienea haraka: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012, bila kumlazimisha mtu kununua smartphone. Lakini menu inaomba kusoma, tena kusoma mbio. Ukichelewa, mashine inakata na unaanza upya. Mwenye macho mazito anakatwa mara tatu, kisha anaacha.

Mesaje ya maandishi ina uzuri mmoja: inabaki. Unaweza kumwonyesha mtu kesho. Asiyesikia anaitegemea sana. Lakini asiyesoma na asiyeona wako nje. Mfano mzuri ni iCow ya Kenya, iliyoanzishwa na mama Su Kahumbu na kufunguliwa mwaka 2011. Mfugaji anaandikisha ng'ombe wake kwa telefone ya kawaida, kisha anapata mesaje za kumkumbusha hatua kwa hatua mpaka ng'ombe anazaa. Aliyeipanga alianza na telefone ambayo mfugaji alikuwa nayo tayari mfukoni.

Sauti, yaani simu inayopigwa na kusema habari kwa lugha ya watu, inamfungulia asiyesoma na asiyeona. Inaweza kusema Kibemba siku ya leo na Kisanga kesho. Lakini asiyesikia yuko nje, na sauti ikipita imepita, isipokuwa kuna namba ya kusikiliza tena. Sauti za WhatsApp ni nzuri pia, lakini zinaomba smartphone, rezo na mega.

Programu ya smartphone inaweza kuonyesha picha na kutumia kamera. Mfano ulio karibu na sisi ni Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na kituo cha utafiti cha IITA. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, na telefone inamwambia kama anaona dalili za mozaiki ao ugonjwa mwingine. Baadaye waliongeza mahindi, kwa sababu ya viwavi jeshi walioingia Afrika mwaka 2016 na kuvamia mpaka mashamba yetu ya Katanga. Nuru inatambua ugonjwa bila intaneti, palepale shambani, na inaongea Kiswahili. Waliofikiria hayo walijua kwamba mihogo hailimwi chini ya antena. Hata hivyo bado inaomba smartphone yenye kamera nzuri. Kwa koperative, dawa ni kuwa na telefone moja ao mbili za wote, na watu wawili waliofundishwa, mwanaume na mwanamke, wanaozunguka mashambani. Jibu linarudi kwa wengine kwa mdomo.

Kitu kingine kuhusu skrini za kugusa: vidole vya mwenye kushika jembe kila siku vinakuwa vigumu na vikavu, na skrini mara nyingi haivisikii. Mabuto madogo yaliyobanana ni mateso. Mabuto makubwa na machache ndiyo yanayofaa.

Video ya katuni inafundisha bila kusoma. Kundi la SAWBO la Marekani linatengeneza katuni fupi za kilimo na afya, picha zilezile zikiwekewa sauti za lugha nyingi, Kiswahili kimo. Video ya namna hii inapita kutoka telefone moja kwenda nyingine kwa Bluetooth ao kwa kadi, bila kula mega. Ikiongezewa maneno machache chini ya picha, asiyesikia naye anafuata.

Funzo ni hili: msitafute njia moja bora. Kila habari muhimu ipite njia mbili angalau, moja ya kusikia na moja ya kuona. Na daima pabaki mlango wa karatasi na mdomo kwa asiye na telefone: daftari la depo, ubao wa bei, na mtu wa kitongoji anayejua kazi ya kupasha habari.

Kode ya siri ibaki siri

Tunarudi kwa yule mama na kode yake, kwa sababu hapo ndipo franga zinapotea.

Shikeni telefone ndogo ya mabuto, mfunge macho, mpapase katikati. Kuna kinundu kidogo kwenye namba 5. Kiliwekwa kwa ajili ya wasioona, na kiko pale hata kama hamkukiona siku zote hizi. Ukikipata, umepata namba zote: juu yake ni 2, chini ni 8, kushoto ni 4, kulia ni 6. Kwenye pembe, juu ni 1 na 3, chini ni 7 na 9. Chini ya 8 ni 0. Mtu akifundishwa hivyo, anaweza kubonyeza kode yake kwa vidole, bila kuona na bila kusoma. Saa moja ya mazoezi na telefone isiyo na franga inaweza kutosha kuanza, kisha mtu anarudia nyumbani.

Koperative iweke pia sheria ya msaada. Msaidizi anaweza kusoma mesaje kwa sauti, anaweza kupeleka mtu mpaka kwenye menu. Ikifika kode ya siri, msaidizi anarudisha telefone na kugeuza uso. Mwenye mfuko anabonyeza mwenyewe. Sheria hii iandikwe, isomwe kwenye mkutano, na kila mtu ajue kwamba anayeomba kode ya mwenzake amevunja sheria, hata akiwa wa komite.

Kwenye smartphone za Android kuna msomaji anayeitwa TalkBack. Anakaa kwenye parametre, sehemu iliyoandikwa Accessibilité. Ukimwasha, telefone inasema kwa sauti kile ambacho kidole kinagusa. Lakini kazi yake inategemea aliyetengeneza programu. Kama aliweka picha bila kuipa jina, msomaji hawezi kumwambia mtu ni buto la kutuma ao la kufuta. Kwa hiyo mkiletewa programu, washeni TalkBack mbele ya mwenye kuileta, mwambieni afunge macho atume mesaje moja. Mtaona mengi.

Na jambo la wamama. Nyumba nyingi zina telefone moja, na inakaa kwa baba. Mesaje ya malipo ya mama ikiingia huko, mama anasikia mwisho. Tena, kuandikisha namba kunaomba kitambulisho, na kwa wengi wetu ni karte ya elekta. Asiye nayo anaandikishwa kwa jina la mwingine, na siku ya shida mfuko ni wa mwenye jina. Kabla ya kuhamia malipo ya telefone, komite ihesabu: wanachama wangapi wana namba kwa jina lao wenyewe? Wasio nayo wasaidiwe kwanza, ao walipwe mkononi mbele ya mashahidi mpaka wapate.

Mesaje nzuri inaandikwaje

Hii ni mesaje mbaya: "Ndugu mwanachama, tunakujulisha kwamba uwasilishaji wa mazao yako umesajiliwa kikamilifu katika mfumo wetu." Maneno mengi, na hujui umeleta nini.

Hii ni nzuri: "KOPERATIVE. Tumepokea mahindi mifuko 6, kilo 300. Utalipwa Ijumaa kwa FRANGA. Ukiona kosa, pigia sekretere." Jambo kubwa limekuja mbele, namba zimeandikwa kwa tarakimu ambazo hata asiyesoma anazijua, aina ya pesa imetajwa, na kuna njia ya kulalamika.

Kuna na faida ya gharama. Mesaje moja inabeba herufi 160. Lakini Kifaransa kina alama, kama kofia ya "ê" ao mkia wa "ç" ndogo, ambazo haziko kwenye orodha ya kawaida ya mesaje. Ukiweka moja tu, nafasi inashuka mpaka herufi 70, na maneno yaleyale yanaweza kukatwa mesaje mbili ao tatu, na kila moja inalipiwa. Kiswahili hakina alama hizo. Kuandika lugha ya watu ni heshima, na hapa ni nafuu pia.

Kwenye programu na karatasi, msitegemee rangi peke yake. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi hawajui kwamba wako hivyo. Andikeni ao chorekeni pia: mshale juu, bei imepanda, mshale chini, imeshuka.

Jaribio la chini ya muembe

Msikubali chombo kwa kukiona kwenye mkono wa aliyekileta. Yeye anakijua. Fanyeni jaribio, halina gharama.

Chagueni watu watano ao sita: mama asiyesoma, mzee mwenye macho mazito, asiyesikia, mtu asiyezoea Kiswahili, mwenye shida ya mikono, na kijana mmoja. Mpeni kila mmoja kazi moja ya kweli, kwa mfano kujua bei ya mahindi ya leo, ao kuona kama amelipwa. Fanyeni saa sita mchana, juani, mahali ambapo rezo ni dhaifu, na telefone ambazo watu wanazo. Wengine wote wanyamaze. Msimwonyeshe, msimcheke, msimharakishe. Mmoja aandike: alikwama wapi, aliuliza nini, alifika ao hakufika.

Ambapo watu wawili wamekwama mahali pamoja, hapo chombo kina kosa. Mrudishieni aliyekileta arekebishe, kisha mrudie jaribio. Mwenye nia nzuri atafurahi, kwa sababu mumempa kazi ambayo ofisini hawezi kuifanya.

Sheria iko upande wetu

Haya tunayoomba si sadaka. Sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya koperative, inayofanya kazi Kongo tangu 2012, inasema koperative ni ya hiari na wazi kwa wote, na kila mwanachama ana sauti moja. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinataka habari na teknolojia za mawasiliano ziweze kufikiwa nao. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya Kongo namba 22/003 ya kulinda na kuinua haki zao. Na tangu Machi 2023 kuna Kode ya numeriki, inayolinda habari za mtu binafsi: jina lako, namba yako, ukubwa wa shamba lako, si mali ya kila mwenye programu.

Maulizo ya kuweka mezani

Mtu akileta teknolojia, komite imuulize haya na majibu yaandikwe kwenye prose-verbali:

1. Inafanya kazi kwenye telefone ndogo? Bila intaneti?
2. Inasema lugha gani, na inaweza kuongea kwa sauti?
3. Asiyeona atafanyaje? Asiyesikia atafanyaje?
4. Nani analipa inite na mega, mwaka huu na mradi ukiisha?
5. Mtu akikosea, anarudi nyuma namna gani? Analalamika kwa nani, na mtu huyo anasema lugha gani?
6. Habari zetu zinakaa wapi, nani anaziona, na tunaweza kuomba zifutwe?
7. Asiye na telefone anapata huduma ileile kwa njia gani?
8. Ni wakulima gani walijaribu kabla yetu, na nini kilibadilishwa baada ya jaribio lao?

Swali la nane ndilo kubwa. Kama hakuna kilichobadilishwa, basi hakuna aliyesikilizwa.

Tunawashauri muanze sasa, kabla ya mavuno ya Aprili na Mei, wakati mahindi yangali shambani na watu wana nafasi ya kujifunza pole pole. Mkutano mmoja wa kuhesabu namba na kujua nani asome, nani asikie. Asubuhi moja ya kufundisha kinundu cha 5. Mchana mmoja wa jaribio. Mkifanya hayo, siku ya malipo kila mwenye mfuko atajua mwenyewe kilichoingia, na sekretere atalala usingizi.